Pua ya Baba

Mama Chien alipoingia kwetu saa nne na nusu asubuhi ile, nilikuwa nimeshaionja chai yake mara kumi na tisa, na ulimi wangu ulikuwa umekufa ganzi kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Hakunisalimu. Aliangalia vikombe vyeupe vilivyojaa mezani, akaangalia vikapu vya mianzi vilivyofunikwa juu ya makaa niliyoyafukia majivu, kisha akaniangalia mimi kuanzia nywele hadi ndala.

"Imeiva au haijaiva?"

"Karibu kiti, Mama. Nikuletee..."

"Sikuja kukaa. Dirisha la kupokea chai za shindano linafungwa saa sita kamili, na kushuka huko chini ni dakika ishirini. Nimeuliza, imeiva au haijaiva?"

Swali jepesi. Nimeoka chai kwa mkaa miaka kumi na minne, tangu nimalize shule. Mtu akiniuliza jina langu namjibu. Akiniuliza umri wangu nampunguzia kidogo, lakini namjibu. Hilo moja ndilo lililonishinda.

"Baba akirudi ataisikia harufu yake, ndipo tutajua," nikasema.

Shangazi Ahong, dada yake Baba, alikuwa kwenye meza ya kuchambulia vijiti kutoka kwenye chai, pamoja na majirani wawili. Aliguna bila kuinua macho kwenye sinia lake. "Haya, Baba tena! Miaka thelathini na miwili, binti bado anatafuniwa." Majirani wakacheka. Akainuka kwenda jikoni kumwekea mgeni motoni mayai ya chai, yale yanayochemshwa kwa majani ya chai na mchuzi wa soya, maana shangazi yangu hukutukana na kukulisha kwa mkono uleule.

Hapa Lugu, mji wetu wa wakulima wa chai, hakuna asiyeijua pua ya Mzee Liao, baba yangu. Watu huleta chai zao kutoka milima yote ya jirani ili aweke pua juu ya kikombe na kusema neno moja kati ya mawili: "toa" au "ongeza". Akisema toa, vikapu vinatoka kwenye moto. Akisema ongeza, mimi nakaa na makaa nusu saa nyingine. Tangu alipougua ile homa kali miaka mitatu iliyopita, kifua chake hakitaki majivu, kwa hiyo moto wote ukawa wangu, yeye akabaki na kunusa. Watu wakaunda msemo: binti ni mikono, baba ni pua. Mimi niliuamini kuliko hao waliouanzisha. Mikono inakodishwa popote, bwana. Pua haikodishwi.

Ndiyo maana walipomsifu Baba kwa tuzo mbili kubwa tulizopata, nilipiga makofi pamoja nao. Na ndiyo maana, msimu wa baridi uliopita, Baba akiwa safarini, niliirudisha motoni chai ya Mama Chien mara ya nne, nikitaka iwe kamilifu, isiyo na doa. Ikageuka mkaa. Kikapu kizima, jamani. Tangu siku ile mama huyo hakutaka kusikia habari ya mimi kuolewa na mwanawe. "Mwanamke asiyejua chungu kimeiva lini," aliwaambia watu sokoni, "atawaunguzia wajukuu zangu."

Mwanawe mwenyewe aliingia nyuma yake, funguo za pikapu mkononi. Shukai si mzuri wa kusimamisha watu barabarani. Ana mabega ya mtu wa shambani na masikio makubwa yanayoiva kwa aibu upesi kuliko nyanya. Lakini akikuangalia, anakuangalia wewe tu. Alinikonyeza kidogo, akaelekeza kichwa kwenye stoo ya mkaa. Nikamfuata.

"Niangalie mimi," alisema tulipofika huko. "Usiangalie vikapu."

"Nakuangalia."

"Umeangalia kikapu sasa hivi."

Ni kweli, nilikuwa nimekiangalia. Alinishika mabega akanigeuza hadi mgongo wangu ukaelekea mlangoni.

"Chai imeiva, Wanru?"

"Sijui."

"Unajua. Nilipita dirishani alfajiri, nikakuona ulivyofunua kikapu cha kwanza. Ulifumba macho ukatabasamu. Siku niliyokuomba nikuoe hukutabasamu hivyo."

"Nilitabasamu kabla sijaanza kufikiri."

"Basi usianze!"

"Nikikosea tena, mama yako atanihamisha mji huu."

"Mama hakukasirika kwa ajili ya ile chai. Chai inaungua, kila mtu ameshaunguza. Alikasirika kwa sababu hukumwambia neno. Ulijifungia wiki nzima, ukamwacha baba yako aje kuomba radhi. Alisema, 'Huyu binti hata kosa lake analiogopa kulishika mkononi.'"

Hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli.

"Mwezi wa pili nilikuomba," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ukaniambia nisubiri mpaka uwe fundi kweli. Nikasema sawa. Sasa niambie, huo ufundi unatolewa dirisha gani? Nikakupangie foleni."

"Unanitania."

"Sikutanii. Huu wasiwasi wako ungekuwa mwanaume, ningemkunja shati tukamalizana. Lakini nashindana na kitu nisichokiona, Wanru, na nimechoka."

"Nataka ukinioa upate mtu kamili, Shukai. Siyo mikono ya baba yake."

"Mtu kamili wa nini? Mtu kamili akinipata mimi na masikio haya si atanirudisha dukani?"

Nikacheka, machozi yakiwa yameshafika kwenye kope. Akanifuta shavu kwa kidole gumba, akaniacha na weusi wa mkaa usoni, na wala hakujua. Nilimpenda mpaka nikahisi maumivu. Nilitaka kumwambia ndiyo palepale kati ya magunia, lakini mdomo wangu ulizoea kusubiri ruhusa. Nje pikipiki ndogo ya Baba ikakohoa uani.

"Huyo amefika," nikasema, nikapumua. Shukai akaachia mabega yangu.

Baba aliingia na viatu vya matope, begani gunia la machipukizi ya mianzi aliyotoka kuyachimba. "Dada Chien! Umekuja kunitazama nilivyozeeka?"

"Nimekuja kuchukua chai yangu. Binti yako amekataa kuniambia kitu mpaka pua yako ifike."

"Basi imefika na mwili wake." Akaketi kwenye kiti chake, mgongo kwa mlango wa jikoni.

Niliandaa kikombe. Nikapima chai, nikamimina maji yanayochemka, nikahesabu dakika sita. Mama Chien alisimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Nilimpelekea Baba kikombe kwa mikono miwili. Aliinama, akavuta harufu muda mrefu, kisha akainua macho akanitazama juu ya ukingo wa kikombe, kama anavyofanya siku zote.

"Ongeza," akasema. "Nusu saa."

Nilikuwa nimeinusa chai ile alfajiri, nikainusa saa moja, nikainusa saa mbili. Ilikuwa imefika. Ilikuwa na ule utamu wa tunda lililoiva unaokuja nyuma ya moshi, ukakaa kidogo kisha ukaondoka kwa heshima. Nusu saa nyingine ingeufukuza usirudi tena. Kila kitu ndani yangu kilisema hapana. Na bado, unajua nilifanya nini? Niliokota koleo la makaa. Mtoto mtiifu mimi.

"Wanru," Shukai aliniita taratibu.

Koleo likiwa hewani, ndipo harufu ikatufikia. Ilikuwa harufu mbaya, ya mchuzi wa soya ulioungua na maganda ya mayai yanayopasuka, na moshi mweusi ukafuata mlangoni.

"Mayai yangu!" Shangazi Ahong akapiga yowe. Masinia yakaruka. Majirani wakakimbilia jikoni, mmoja na maji, mwingine na ufagio, sijui wa kupiga nini. Mimi nikaziba pua kwa mkono. Shukai akakohoa hadi akainama.

Baba alikuwa bado amekaa na kikombe puani, moshi unampita masikioni.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani kaumia?"

Mama Chien peke yake hakukimbia. Alimtazama Baba kwa makini, kichwa upande, kama anayekagua jani lenye wadudu.

"Kaka Liao. Husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Mama Chien akafungua mkoba, akatoa kile kichupa cha mafuta ya mnanaa ambacho akina mama wetu wote hujipaka kwenye paji la uso. Akakifungua. Mimi niliyekuwa hatua tatu mbali macho yaliniwasha.

"Fumba macho, kaka yangu. Hii niliyokuletea puani ni nini?"

Baba akafumba macho, akavuta pumzi kwa ufundi wote, akatikisa kichwa kwa utaratibu wa bingwa. "Chai."

"Ya wapi?"

"Ya... shamba lako la juu. Nzuri sana."

Shangazi Ahong, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria iliyoungua, alianza kucheka kabla hajajua anacheka nini. Majirani wakafuata. Baba akafumbua macho, akaona kichupa, na uso wake ukawa wa mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Tangu lini?" niliuliza. Sauti yangu sikuitambua.

"Wanru, mwanangu..."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu ile homa."

"Miaka mitatu!"

"Miaka mitatu na miezi miwili."

Nilikaa juu ya gunia. "Na zile tuzo? Toa, ongeza, toa, ongeza. Ulikuwa unanusa nini?"

Baba akaweka kikombe chini. "Nilikuwa nakunusa wewe. Ukija umekunja hapa," akagusa katikati ya nyusi zake, "nasema ongeza. Ukija umeuma mdomo ili usicheke, nasema toa. Nikiwepo, hukuwahi kukosea hata siku moja. Mimi nilikuwa nasoma tu."

"Lakini leo umesema ongeza!"

"Leo ulikuja umekunja uso kama shuka."

"Nilikunja kwa ajili ya Mama Chien, siyo kwa ajili ya chai!"

Hapo hata Shukai alishindwa kujizuia. Watu walicheka mpaka mmoja wa majirani akakaa chini kwenye vijiti vya chai. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachopanda polepole ambacho sikukijua jina.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekimbia," alisema Baba, bila mzaha sasa. "Ulinijia siku ya kwanza nilipotoka hospitali, kikombe mkononi, unatetemeka. Nikanusa, sikupata kitu. Nikaogopa kuliko wewe. Nikaona uso wako umeshajua jibu, nikalisema. Nikadhani nitafanya hivyo mara moja tu. Kisha ya pili. Unisamehe. Nilitaka ugundue mwenyewe kwamba hunihitaji, halafu ukawa mgumu wa kugundua kama mama yako alivyokuwa mgumu wa kuacha kununa."

Nilimwangalia. Miaka mitatu mzee wa watu hajui wali wake unanukiaje, na hakumlalamikia mtu. Niliinuka nikamkumbatia, matope na vyote, na nikamfinya bega kwa nguvu ili ajue kwamba hasira bado ipo.

"Saa tano na dakika kumi," alisema Mama Chien. "Mtalia jioni. Mimi nataka kujua, chai yangu nimwamini nani hapa?"

Baba hakunitazama. Aliinama akaanza kuvua viatu vyake, makusudi kabisa. Shukai alinitazama.

"Mimi," nikasema.

"Sema basi."

"Imeiva. Ilikuwa tayari tangu alfajiri. Ukiiongezea nusu saa utaiua."

Mama Chien alichukua kikombe cha Baba, akanywa, akaizungusha chai mdomoni kwa kelele, akameza. "Na huu ukakasi nyuma ya ulimi?"

Hapo ndipo zamani ningekimbilia koleo. Ukakasi ule nilikuwa nimeujua tangu siku ya kwanza. Ndio ulionionjesha mara kumi na tisa. Nilikuwa nimejaribu moto mdogo, moto mrefu, kikapu juu, kikapu chini, nikijilaumu.

"Huo siyo wa kwangu, Mama. Ni wa kwako."

Shangazi Ahong aliacha kusugua sufuria.

"Unasema?"

"Chai hii imechumwa ikiwa na maji. Siyo yote, labda theluthi moja, tena ya upande wa chini wa shamba. Moto hauondoi maji yaliyoingia kwenye jani siku ya kuchuma. Nimeufanya ukakasi ujifiche nyuma ya utamu, na hapo ndipo mwisho wake. Chai hii siyo kamilifu. Ni nzuri, na kwa jani hili haiwezi kuwa nzuri zaidi. Atakayekuambia anaweza kuutoa ukakasi wote, muulize anauza mkaa kiasi gani."

Mama Chien aligeuka polepole kumtazama mwanawe.

"Umemwambia wewe?"

"Mimi? Mama, uliniapisha!"

"Wachumaji walikuwa wanahamia shamba jingine kesho yake," Mama Chien alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Mvua ilianza saa nane. Nikawaambia wamalizie. Upande wa chini. Zaidi ya mwanangu, sikumwambia mtu hata mmoja." Akanywa tena kile kikombe hadi mwisho. "Msimu wa baridi ulinipa mkaa ukanyamaza. Leo unanipa chai nzuri na kunisema mbele ya watu. Hii ya leo naipenda zaidi. Shukai! Umesimama kama nguzo, pakia!"

Sijawahi kuona chai ikifungwa haraka vile. Baba alishikilia mifuko, majirani walipima, Ahong alibandika namba huku akiimba ovyo. Mama Chien alikataa sanduku liwekwe nyuma ya pikapu. Alilipakata mbele kama mjukuu. Shukai akaruka kwenye usukani, injini ikaunguruma, akanitazama kupitia kioo, na katika macho yake nikaona kwamba hataniuliza tena, siyo leo wala kesho. Alikuwa amejifunza kusubiri. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Basi nikakimbia. Ndala moja ilibaki uani. Dirisha lililokuwa karibu lilikuwa la Mama Chien, nikalishika kwa mikono miwili.

"Nini tena?" Mama Chien alikumbatia sanduku. "Usiniambie unataka kuirudisha motoni!"

"Siyo chai, Mama. Nina neno na Shukai."

"Saa tano na dakika thelathini na tano!"

"Ni neno fupi." Nilikuwa na majivu hadi kwenye viwiko, nywele zinanuka mayai yaliyoungua, mguu mmoja peku. Miezi yote ile nilikuwa nimepanga siku hiyo nitavaa nini. "Shukai, nioe."

Mguu wake ukateleza kwenye klachi. Gari likaruka mbele mara moja, likazimika.

Masikio ya Shukai yalianza kuiva, kwanza moja, kisha la pili. Alipitisha mkono juu ya sanduku, mbele ya kidevu cha mama yake, akaushika wangu pamoja na majivu yake.

"Ndiyo," alisema. "Lini? Mimi hata leo."

"Blauzi yangu!" Mama Chien alipiga kelele. "Leo hakuna! Nitaangalia kalenda ya siku njema nikirudi. Achianeni mikono. Wewe washa gari, na wewe toka dirishani, ukikatwa vidole nani ataoka?"

Gari likawaka. Nilisimama katikati ya barabara, nikicheka na kulia kwa pamoja, nikiwaangalia wakishuka kona ya kwanza huku Shukai akipiga honi kwa kila nyumba, hata zisizo na watu. Nyuma yangu Baba alikuwa anamwambia Ahong kwamba aliyajua haya yote zamani. Ahong alikuwa anamuuliza aliyajua kwa pua ipi.

Kabla ya kona ya pili, pikapu ilisimama ghafla. Kichwa cha Mama Chien kikatoka dirishani, mkono juu, mafuta ya mnanaa yaking'aa kwenye paji la uso.

"Wanru! Kesho nakuletea ya shamba la juu! Uioke wewe, baba yako asiiguse!"

"Ilete mapema!" nikapaza sauti. "Na usiiache mlangoni, Mama. Nitaikagua kwanza ndipo niipokee!"